Viatu vya Mtani Wangu

Mimi shule sikwenda. Mapadri walipopanda kwetu kutafuta watoto wa kusomesha walichukua wa kiume kwanza, na zamu ya wasichana ilipofika mimi nilikuwa nimeshatolewa uwali, nina mume na jembe. Kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo, anaandika mjukuu wangu, na nimemwambia akinisahihisha neno chai hapati. Kusoma sijui. Lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja, basi, imekuwa yangu. Nikitaka kuwa padri nakuwa padri. Nikitaka kuwa yule Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa boma wakati wa Mdachi, nakohoa kwanza, khhh, halafu nasema, "Wewe! Nini hii?" na mpaka leo wazee wenzangu wakisikia wananyoosha mgongo.

Si uchawi. Ni kazi. Ukoo wetu na ukoo wa jirani zetu ni watani tangu huko mababu walikotoka, na mtani kwetu Uluguru ana kazi zake. Mtu wa upande wao akifa, sisi ndio tunaochimba kaburi. Watu wakizidi kulia, sisi ndio tunaovaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, kukohoa kama yeye, kudai pombe kama yeye, mpaka mjane mwenyewe anacheka kamasi zinamtoka. Na wao wanatufanyia hivyo hivyo. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikamata kuku wako unamsindikiza kwa macho, kesho unakwenda kwake kukamata jogoo. Upande wetu kazi hiyo ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, mwanamke mfupi, sauti zake huzimalizi. Mimi nilizimeza zote jikoni kwake.

Sasa mtani mwenyewe ninayetaka kumsema. Kwao ni nyumba ya chini ya kwetu. Maji ya mvua yakitoka uani kwa bibi yanapita mlangoni kwa mama yake. Alinizidi umri. Siku padri alipokuja kumchukua kumpeleka shule ya misheni, Kilakala, mimi nilikuwa mdogo lakini naikumbuka, maana kijiji kizima tulitoka kuangalia. Alimkumbatia mbuzi. Mbuzi jike wa mama yake, mweupe, sikio moja limechanika. Akamshika shingoni akagoma. Padri anamvuta mtoto, mtoto anamvuta mbuzi, mbuzi anavuta kamba. "Twende, mwanangu, twende," padri anabembeleza kwa ile sauti yao inayotokea kooni, na mtoto anapiga kelele, "Na mbuzi! Na mbuzi naye aende!" Mwisho mama yake akafungua kamba, wakateremka wote watatu, padri, mtoto na mbuzi, mpaka mtoni, na huko mtoni ndiko padri alikofanikiwa kuwatenganisha. Mbuzi akarudi peke yake, analia njia nzima.

Hadithi hiyo ikawa mali yetu sisi watani. Kila alipokuja likizo, bibi alikuwa anamngoja jikoni. Akimwona tu anapita, "Meee!" Mwanzoni alikuwa anacheka na kumrushia bibi gunzi la hindi. Halafu akakua, akaota ndevu mbili tatu, akaacha kucheka.

Alipomaliza shule akachukuliwa boma, karani. Loo! Ungemwona. Kanzu nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Tarbushi nyekundu. Na viatu. Viatu vya ngozi, vyeusi, vilivyokuwa vinalia kila hatua: nywii, nywii, nywii. Mlimani kwetu ukungu ukishuka humwoni mtu hata akiwa karibu, lakini yeye tulikuwa tunamsikia toka bondeni. Na maneno yake nayo yakavaa viatu. Zamani alikuwa anasema "ndiyo." Sasa ikawa "Naam. Hasa." Ukimuuliza mvua itanyesha leo, atatazama juu, atashika kidevu, "Naam. Kwa kadiri ya ninavyofahamu mimi, yamkini." Wee! Unangoja mvua, unapewa yamkini.

Lakini nitasema la kweli hata kama ni mtani wangu: karani alikuwa mzuri. Alikuwa anapanda na askari kuandika vibanda vya kodi, na wengi wa kazi hiyo walikuwa wakiondoka na mbuzi wa watu. Yeye hapana. Mzee akipelekwa boma na kesi yake, maneno yake aliyaandika kama yalivyotoka, hakuyapunguza wala kuyatia chumvi. Watu wa mlimani walilijua hilo. Tatizo lilikuwa moja. Alikuwa anatukimbia.

Njia fupi ya kwenda kwa mama yake inapita uani kwetu. Yeye alizunguka. Alipandia huko kwenye migomba, akavuka kijito, akateremka tena kwa nyuma, viatu vimejaa tope, ili tu asipite mbele ya jiko la bibi. Mjini kila mtu anamwita bwana karani, hakuna anayejua habari ya mbuzi, na yeye aliogopa siku moja itateremka mlima imfuate mpaka boma. Bibi alikuwa anasikia vile viatu vinalia mbali kwenye migomba, anatikisa kichwa. "Mbuzi leo kapita juu," anasema. Halafu ananiambia, "Mjukuu wangu, mtu anayemkimbia mtani wake atachekwa na nani siku akifa?"

Basi, tukakaa hivyo mpaka mjomba wa karani akafariki.

Mjomba wake alikuwa mndewa, yaani mwenye mlima. Ndiye aliyekuwa anagawa mashamba na kukata kesi za mipaka, na mvua ikichelewa ndiye aliyekwenda kutambika. Kwetu mtu harithiwi na mtoto wake, anarithiwa na mtoto wa dada yake. Na madada walikuwa na watoto wawili wa kiume wanaofaa: huyu karani, na ndugu yake mmoja, mtoto wa mama mkubwa, mkulima wa maharage, mtu mpole mno, ukimsalimia asubuhi anakujibu mchana. Boma walimtaka karani. Walisema yule anayejua kalamu ndiye atakuwa jumbe. Na mwenyewe alitaka. Alitaka sana. Mama yake alitusimulia: alikuja nyumbani akakaa, akasema, "Mama, kule boma naandika maneno ya wengine mpaka mkono unauma. Nataka mahali ambapo na mimi nikisema neno, watu watalikalia chini walifikiri." Akaacha ukarani. Akahamisha vitu vyake toka nyumba ya boma akarudi mlimani.

Lakini boma haitoi kigoda, kile kiti cha umndewa. Boma inatoa karatasi. Kigoda wanakitoa wazee na madada wa marehemu, na siku ya kukitoa kuna desturi: watani wanafunga njia. Anayetaka kukaa anasimamishwa uwanjani mbele za watu, watani wanamsema yote, mabaya na ya aibu, halafu wanamvua kitu chake kimoja. Akicheka, akivumilia, akajibu kwa utani, anapishwa akae. Akikasirika, kigoda kinarudishwa ndani na wazee wanakipeleka kwa mwingine. Maana mndewa atatukanwa na wenye kesi kila siku, na mtu asiyeweza kutukanwa na mtani wake atawafanya nini wale wanaomtukana kwa kweli? Boma wangeweza kumwandika jumbe kama wanavyotaka, lakini bila kigoda hakuna ambaye angempelekea hata kesi ya kuku. Angekuwa jumbe wa viatu vyake.

Hilo mama yake alilijua. Siku chache kabla, akaja kwa bibi, kuku kwapani.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Kuku huyo umemleta au anakusindikiza?"

"Nimemleta. Mtani, nakuomba. Mwanangu amekaa sana na Wazungu, ngozi yake imekuwa laini. Mseme kidogo tu. Mbuzi msimtaje."

Bibi akampokea kuku, akamfunga mguu kwenye nguzo ya jiko, akamkagua manyoya. "Kuku mzuri," akasema. "Ahsante. Nyumbani hawajambo?"

"Na habari ya mbuzi?"

"Mbuzi naye hajambo."

Mama wa watu akacheka huku machozi yanamlenga. Ndipo akatuambia jambo lingine: mwanawe amekwenda boma kumwalika Bwana Shauri aje aone sherehe. Alimwambia mama yake, "Akikaa pale Bwana Shauri na askari wake, watani watanyamaza wenyewe."

Hapo bibi akaacha mzaha. Akamkazia kuku macho. "Shule gani hiyo," akasema, "inayomfundisha mtu kujifungia nje?" Maana wazee wasingehesabu hofu yetu kuwa uvumilivu wake. Watani wakinyamaza, njia haijafunguliwa. Kigoda kingerudi ndani vile vile.

Akanigeukia. "Utakwenda wewe."

"Mimi, bibi? Na nina mtoto ananyonya!"

"Mtoto nitamshika mimi. Sauti bado ninazo, magoti yamekataa. Wewe una vyote viwili."

Siku ilipofika, uwanja ulijaa. Pombe ya mtama imeiva, wanawake tumevaa kaniki mpya, ngoma zimewekwa juani zikaze. Kigoda kiko mlangoni kwa marehemu, kimefunikwa nguo nyeusi, na wale madada wa marehemu, ambao watoto wake waliwaita shangazi, wamekizunguka wamekaa chini, miguu imenyooshwa. Bwana Shauri akafika juu ya mabega, amebebwa kwenye machela, uso mwekundu kama pilipili iliyoiva, askari mbele na askari nyuma. Wakamtolea kiti chake cha kukunja. Akakaa, akakohoa. Khhh.

Na watu, jii! Kimya. Hata watoto. Kiboko cha boma kila mtu alikuwa anakijua, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, haikuwa hadithi kwetu, kulikuwa na migongo pale uwanjani ingeweza kuisimulia.

Mtani wangu akatokea. Kanzu, tarbushi. Nywii, nywii, nywii, mpaka katikati. Akasimama. Akatazama huku na huku, akaona watani tumekaa kama mawe. Nikamwona anashusha pumzi. Alidhani amepona, maskini. Lakini mimi nilikuwa nawaangalia wale shangazi, na shangazi mkubwa alikuwa tayari ameshika ncha ya ile nguo nyeusi, anataka kukifunika kigoda vizuri akirudishe ndani. Ndugu yake mkulima wa maharage alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri mvua ya mawe.

Bibi akanichukua mtoto mgongoni. Akanifinya paja. "Nenda."

Nikaenda. Nikaanza na viatu. Nikatembea uwanjani kumzunguka, kifua mbele, na kila hatua kwa mdomo, nywii, nywii. Mtu mmoja akapumua kwa pua. Nikashika kidevu, nikatazama mawingu. "Naam. Hasa. Kwa kadiri ya ninavyofahamu mimi, hili ni wingu. Yamkini." Mwanamke mmoja akaingiza ncha ya kaniki mdomoni. Nikamgeukia mama yake, nikainama kidogo kama anavyoinama kwa wakubwa wa boma. "Mama, ugali umefika mbele yangu. Umeonekana. Chumvi haikuonekana. Mboga iitwe ije ijieleze." Hapo wakaanza kucheka wa nyuma, wale waliokuwa mbali na askari.

Sikumwangalia usoni. Bibi alinifundisha hivyo, ukimwangalia mtu usoni utamwonea huruma. Nikapiga magoti, nikamkumbatia mbuzi asiyekuwepo, nikamshika shingo, nikawa padri na mtoto kwa zamu. "Twende, mwanangu, twende." "Na mbuzi! Na mbuzi naye aende!" Nikaburutwa. Uwanja mzima ukapasuka. Wazee walikuwa wanapigana mabegani. Na mimi pale chini, nikiwa magotini, nikafanya kilichobaki: nikamshika mguu, nikavuta kiatu. Kikatoka. Nikakiinua juu.

"Wewe! Nini hii?"

Bwana Shauri amesimama. Kiti kimeanguka nyuma yake. "Mwanamke anatukana jumbe yangu! Mwanamke anachukua kiatu! Askari, kamata!"

Askari mmoja akanidaka mkono juu ya kiwiko, na kiatu nimekishika bado. Alikuwa na mkono kama koleo la mhunzi. Nikasikia mtoto wangu analia kwa bibi. Na kilichokuwa mbele yangu kilikuwa wazi kama mchana: nitateremshwa mpaka boma, na mtoto maziwa atapata wapi. Sasa ndipo nikamtazama mtani wangu usoni.

Amesimama na kiatu kimoja. Akinyamaza tu, amelipiziwa kisasi. Hahitaji hata kusema neno. Ile aibu ya mbuzi ingekwenda jela pamoja na mimi. Na kigoda, pale mlangoni, shangazi mkubwa bado kashika ncha ya nguo, hafuniki, hafunui.

Akapiga hatua moja. Nywii, halafu kimya cha mguu mtupu.

"Bwana Mkubwa, mwache," akasema. "Ana haki."

"Haki gani? Haki ya kuiba?"

"Ni mtani wangu, Bwana."

"Mtani ni nini?"

Hapo mwenzangu akafungua mdomo, yeye mwenye naam na hasa na yamkini zote, na maneno yakamtoka vipande vipande. "Mtani, Bwana, ni mtu ambaye... akikutukana..."

"Akikutukana ni adui."

"Hapana, Bwana. Adui akikutukana unakasirika."

"Na huyu, wewe hukasiriki?"

"Nimekasirika, Bwana." Akakitazama kiatu chake mkononi mwangu. "Lakini sina ruhusa."

Bwana Shauri akamtazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. "Sema vizuri! Ni ndugu?"

"Si ndugu."

"Ni rafiki?"

"Wala. Ndiye atakayenizika, Bwana." Akajifuta jasho kwa ile kanzu nyeupe. "Bwana Mkubwa, kwa maneno siwezi. Ngoja uone."

Akainama, akavua kiatu kilichobaki. Akaja mpaka nilipo, akanipa. Nyayo zake zilikuwa zimelainika kwa miaka ya soksi, na uwanja ule una changarawe. Alikuja anarukaruka kama kuku juu ya majivu ya moto. Na pale mbele yangu, mbele ya Bwana Shauri, mbele ya wazee, mtu mzima yule akapiga magoti, akaweka mikono chini na kanzu yake yote, tarbushi ikamwangukia jichoni, akasema:

"Meeeee."

Si meee ya mchezo. Mbuzi yule yule wa mama yake, mwenye sikio lililochanika, anarudi toka mtoni peke yake analia. Mama yake akainuka wima, nadhani kabla ya kujua kwamba ameinuka. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Kumbe naye anazo sauti! Miaka yote ile kazificha ndani ya tarbushi.

Halafu, bado yuko magotini, akanitazama. "Na wewe, mdomo kama mfereji," akanambia kwa Kiluguru, "siku ile ulikuwa uchi wa mnyama, unakula udongo, ulijuaje habari?"

Aaa, nakwambia! Kicheko kile kilipanda mlima kikarudi. Askari alikuwa ameniachia mkono, mimi sijui saa ngapi. Naye alikuwa anatazama pembeni, mabega yanamtikisika. Shangazi mkubwa akaivuta ile nguo nyeusi, akaifunua, akaikunja, akamwita, "Njoo ukae, mbuzi wetu. Njoo ukae."

Akaenda kukaa. Miguu mitupu.

Bwana Shauri alibaki amesimama. Sijui alikuwa na hasira au anataka kucheka, uso ulikuwa mwekundu tangu mwanzo, huwezi kujua. Akamuuliza mndewa wetu mpya, "Na mimi? Mtani yangu ni nani?"

Bibi yangu alikuwa karibu, mtoto wangu begani. Akajibu yeye, kwa Kiluguru, polepole: "Huyo hana. Ndiyo maana uso wake umekaa kama mtu aliyekalia siafu."

Bwana Shauri akamgeukia mndewa. "Bibi hii anasema nini?"

Mtani wangu akashika kidevu. Akatazama mawingu. "Naam," akasema. "Anasema bado hajapatikana anayestahili, Bwana."

Yule Mzungu akafikiri sana. Akaridhika. Kiti chake kikaokotwa, akaletewa togwa, akainywa yote. Na alipokuwa anapanda machela kuondoka akamnyooshea kidole: "Hii ya mtani, andika. Desturi zote za watu wako, andika, uniletee."

Kitabu cha mtani wangu kilianzia hapo. Watu wa mjini baadaye walidhani alikizua kwa akili zake mezani, lakini alikiandikia barazani kwa bibi, mchana, kiangazi chote, na masharti aliyapewa na bibi. Kwanza, viatu hapana. Pili, aje na ugoro. Tatu, mikono isikae bure. Kwa hiyo ungepita ungemwona mndewa wa mlima mzima, asubuhi amekata kesi za watu, sasa amekaa juu ya mkeka anamenya maharage, akisikia neno zuri anafuta mikono kwenye nguo, anaandika, anarudi kumenya. "Ehe, bibi, na mtu akizaa mapacha inakuwaje?" "Menya kwanza." Alipofika kwenye mambo wanayofundishwa wanawali ndani, bibi akamkata jicho. "Hilo andika hivi: wanawake wanajua. Basi." Na aliandika hivyo hivyo.

Kikapigwa chapa huko pwani, kikaja kwa gari la moshi mpaka stesheni ya Morogoro, akapanda nacho mlimani kwapani kama mama yake alivyompandisha yule kuku. Akatukusanya, akatusomea habari ya utani. Nikasikiliza. Ilikuwa hivi, sikilizeni sauti: "Mtani ana ruhusa ya kumfanyia mzaha mtani mwenziwe, na haimpasi mwenziwe kughadhibika."

Nikamwambia, "Mtani, umeivalisha viatu."

Bibi akauliza, "Na mbuzi yuko ukurasa gani?"

"Bibi, mbuzi si desturi. Mbuzi ni mambo yangu mimi."

"Basi kitabu chako hakijaisha," bibi akasema, akaendelea na maharage yake. Yeye akacheka mpaka akaweka kitabu chini. Alikuwa ameshajua kucheka wakati huo. Naye kusema kweli alikuwa na haki ya kujivuna kidogo, nasi tulijivuna naye. Hata mapadri walikuwa wanapanda kumuuliza mambo ya kwetu wanayoishi nayo kila siku na hawayajui.

Vile viatu nilikaa navyo. Kwa desturi alitakiwa avikomboe kwa kuku, akamleta kuku, bibi akampokea, viatu hakutoa. "Kuku nimempokea kama mtani," akamwambia. "Viatu nimevipenda." Tulivitundika jikoni, na kimojawapo kuku huyo huyo akakitagia. Akanunua vingine kwa ajili ya kwenda boma, na hivyo akawa anavivulia mtoni, kule kule padri alikomtenganisha na mbuzi, anapanda peku.

Na njia ya migomba akaiacha. Akawa anapita uani kwetu, njia fupi, kila asubuhi. Bibi alipotangulia, watani walimzika vizuri, walituchekesha, na yeye mndewa ndiye aliyeshika jembe la kwanza. Baada ya hapo akaanza wasiwasi juu yangu. Aliniambia, "Ukifa wewe kwanza, mimi ndiye wa kukuigiza, na sina sauti yako." Akawa anajifunza. Anapita uani, anajibana koo, anaita kwa sauti nyembamba anayodhani ni yangu, "Wee mtoto! Moto umezima! Nani kamwaga maji hapa?" Wapi. Mbuzi anamweza. Mimi hajaniweza hata kidogo. Alikuwa anatoka kama padri aliyeumwa na nyuki. Yake mimi nilikuwa nayo zamani, sina haja ya kujifunza.

"Naam. Hasa," namjibu toka jikoni. "Pita ndani. Uji, kwa kadiri ya ninavyofahamu mimi, umeiva."